Mfalme Henry wa Nane na Vipimo vya Fundi Wake

Mtaje Henry wa Nane wa Uingereza mbele ya mwanachuo yeyote aliyesoma historia, naye atakujibu jambo moja: wake sita. Akijitahidi sana ataongeza ule ugomvi na Papa, na kwamba Kanisa la Anglikana chimbuko lake ni hapo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka jana, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilimaliza kueleza Ulaya ya karne ya 16, nikauliza kama kuna swali, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alitaka kujua kama huyu mfalme kazi yake ilikuwa kuoa tu, au kuna kitu kingine alikuwa anakipenda. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Wenzangu wa ualimu mnaijua hiyo janja.

Jibu nilikuja kulipata maktaba, na halikuwa kwenye kurasa za ndoa. Kitu alichokipenda Henry tangu utotoni ni kupanda farasi akiwa amevikwa chuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, akashika mkuki mrefu wa mbao na kumkimbilia mwenzake anayekuja mbio vile vile kutoka upande wa pili. Baadhi ya mavazi yake ya chuma bado yapo. Na chuma si kitenge, hakivutiki. Lazima kilingane na mwili wa mwenye nacho. Ukiyapanga mavazi hayo kwa miaka, unamwona mtu akikua, akinenepa, akiharibika, bila mchoraji wa ikulu kuingilia kati kumpamba.

Alizaliwa Greenwich, kando ya mto Thames, tarehe 28 Juni 1491. Hakuzaliwa kuwa mfalme. Baba yake, Henry wa Saba, alikuwa amekipata kiti kwa vita mwaka 1485 huko Bosworth, ambako Mfalme Richard wa Tatu aliuawa, na mtoto wake wa kwanza alimpa jina la Arthur, lile la mfalme wa hadithi za kale na mashujaa wake wa Meza ya Duara. Arthur alifariki Aprili 1502, miezi michache tu baada ya kufunga ndoa na Catherine wa Aragon, binti wa wafalme wa Hispania. Ghafla mdogo mtu wa miaka 10 akawa ndiye tegemeo lote la ukoo.

Hapo ndipo mambo ya mikuki yalipoingia utata. Kijana alipenda mchezo huo kupita kiasi, lakini baba akamwekea ulinzi. Afanye mazoezi, awatazame wengine, ila asishindane. Mrithi ni mmoja tu, nani atakubali ang'olewe jicho kwenye mchezo? Basi Henry akakua akitazama uwanjani jinsi mtoto anavyotazama wenzake wakicheza mpira huku yeye ameambiwa abaki barazani.

Baba akafa Aprili 1509. Mfalme mpya alikuwa hajatimiza miaka 18, mrefu wa karibu sentimita 185, na hakuna tena wa kumkataza. Akamwoa Catherine, mjane wa kaka yake. Na mwezi Januari 1510, huko Richmond, akaingia kwenye shindano la mikuki akiwa amejificha ndani ya chuma bila alama za kifalme, pamoja na rafiki yake William Compton. Compton akapigwa vibaya, na kwa kitambo watu waliokuwa wanajua siri wakashikwa na hofu, maana hawakuwa na hakika aliyeumia ni yupi. Mwezi huo huo Henry aliingia chumbani kwa malkia akiwa na kundi la rafiki zake, wote wamevaa kama Robin Hood na genge lake la msituni. Nilipofika hapo nikaelewa kitu. Siku hizi tunasikia kuna watu Ulaya na Marekani wanaotumia wikiendi zao kujivika chuma na kuigiza vita vya kale, tukadhani ni mambo ya watu wenye muda mwingi wa leo. Kumbe mfalme mwenyewe alikuwa anaigiza. Askari wa farasi wa kwenye hadithi za Arthur alikuwa tayari mtu wa zamani kwake, kama alivyo kwetu.

Tarehe 1 Januari 1511 Catherine alijifungua mtoto wa kiume. Mwezi uliofuata yakafanyika mashindano makubwa Westminster. Henry alishindana kwa jina la maigizo lenye maana ya Moyo Mwaminifu, na nguo zake zilijaa herufi H na K za dhahabu, yaani yeye na mkewe. Watu wa mjini wakavamia, wakazing'oa herufi hizo kwenye nguo za wakubwa waliovaa, wakaondoka nazo. Picha ya mashindano hayo ilichorwa kwenye gombo lenye urefu wa karibu mita 18, na ipo hadi leo. Mtoto hakufikisha miezi miwili. Alifariki tarehe 22 Februari, siku 10 tu hivi baada ya sherehe ile. Ukiitazama picha ile, na mfalme akivunja mkuki mbele ya malkia, huwezi kuacha kuhesabu siku.

Sasa tuingie karakana. Uingereza haikuwa na mafundi wa daraja la juu. Wakubwa waliagiza mavazi ya chuma kutoka Milano na miji ya Ujerumani. Henry hakutaka kubaki mteja. Mwaka 1511 alikuwa amekwisha leta wahunzi kutoka Milano, na kufikia 1515 alikuwa na kundi la Wajerumani na wenzao wa nchi za jirani, waliokuja kuwa karakana ya kifalme ya Greenwich chini ya fundi mkuu Martin van Royne. Walilipwa na mfalme, wakafanya kazi kwa ajili ya mfalme.

Dirii na chapeo wengi tunavijua kutoka Waraka kwa Waefeso, na tunadhani vazi la chuma ni vitu hivyo viwili na ngao. Vazi kamili la karne ya 16 lilikuwa shughuli nyingine kabisa. Fundi alipasha bamba la chuma moto, akaligonga kwa nyundo juu ya fuawe hadi lipate umbo la kifua. Unene haukuwa sawa kila mahali. Upande wa kushoto, ambako mkuki wa mpinzani hutua, paliachwa panene. Nyuma pakafanywa pembamba kupunguza uzito. Mtihani wenyewe ulikuwa kwenye viungo. Goti, kiwiko, bega, vifundo vya vidole: huwezi kuweka bamba moja hapo, mtu hatakunja. Walitumia vipande vyembamba vinavyopandana kama mkia wa kambakoche, vikashikiliwa na mikanda ya ngozi kwa ndani na ribiti zinazoteleza kwenye matundu marefu. Kisha tupa, kisha kung'arisha. Hakuna kosa lililofichika: kipande kikizidi kidogo, kinamkata mwenye kuvaa kwapani.

Na ile hadithi ya kwamba askari alikuwa mzito hadi anapandishwa farasi kwa winchi, ni uongo wa sinema. Vazi la vitani lilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, zikiwa zimetandazwa mwili mzima. Mwanajeshi wa leo hubeba mzigo kama huo mgongoni. Yale ya mashindano ndiyo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa ni kugongwa kwa makusudi.

Moja ya mavazi ya miaka hiyo, la karibu 1515, lilipakwa fedha na kuchorwa maua na watakatifu, pamoja na komamanga, nembo ya Catherine. Kwenye ukingo wa sketi yake ya chuma zimeunganishwa tena zile herufi H na K. Kiuno chake ni cha sentimita 90 hivi. Kaisari Maximilian naye alimpa Henry vazi lililotengenezwa na Konrad Seusenhofer wa Innsbruck. Lililobaki ni chapeo tu, na ni kioja: ina uso wa mtu, pembe za kondoo dume, miwani, ndevu changa na pua inayotoka kamasi. Kaisari mzima anamtumia mfalme mwenzake zawadi ya namna hiyo! Ni utani wa watu wa mchezo mmoja.

Majira ya joto ya 1513 Henry alikuwa na miaka 22. Mimi pia nina 22, na kazi yangu kubwa muhula huu ni kusubiri boom. Yeye alivuka bahari na jeshi kwenda kupigana na Wafaransa. Tarehe 16 Agosti askari wake wa farasi waliwatimua wa Ufaransa kwenye mapambano ambayo Waingereza wenyewe waliyaita Vita vya Spua, kwa jinsi Wafaransa walivyozitumia spua zao kukimbia. Mfalme hakuwemo kwenye mbio zile. Na vita iliyokuwa vita kweli haikuwa yake: huku nyuma, tarehe 9 Septemba, jeshi la Uingereza lilipambana na Waskoti huko Flodden, na Mfalme James wa Nne wa Scotland akafa uwanjani pamoja na wakubwa wake wengi. Aliyeachiwa nchi wakati huo alikuwa Catherine. Ndiye aliyempelekea mumewe Ufaransa koti la James likiwa na damu.

Kilele cha maigizo yote kilikuwa Juni 1520. Henry na Francis wa Kwanza wa Ufaransa walikutana karibu na Calais kwa zaidi ya wiki mbili, kwenye mahema yaliyonakshiwa kwa vitambaa vya dhahabu hadi mahali pakaitwa Uwanja wa Kitambaa cha Dhahabu. Wafalme wawili vijana, wapinzani, kila mmoja anataka kuonekana. Kwa ajili ya mapambano ya kusimama kwa miguu, Greenwich walikuwa wanamtengenezea Henry vazi ambalo sijawahi kuona mfano wake. Linafunika mwili wote, hata makalio na nyuma ya magoti, sehemu ambazo kwa kawaida huachwa wazi ili mtu akae juu ya farasi. Lina vipande zaidi ya 200 na uzito wa kilo 42 hivi. Huwezi kupenyeza hata kisu kati ya kipande na kipande.

Kazi ikiwa mbioni, miezi michache kabla ya siku yenyewe, Wafaransa wakabadilisha kanuni. Sasa mpiganaji avae sketi ya chuma na chapeo kubwa ya aina nyingine. Hebu fikiria hali pale karakana. Kila aliyewahi kubadilishiwa mada ya utafiti wiki za mwisho anaweza kupata picha. Wahunzi wakaliacha lile vazi la ajabu kama lilivyokuwa, halijapambwa, wakaunganisha lingine harakaharaka kwa kuchukua vipande vilivyokuwepo, pamoja na chapeo ya zamani ya Milano waliyoirekebisha. Sketi ikatengenezwa, michoro ikawekwa juu kuficha viraka. Kwa mbali lilipendeza. Mfalme alilivaa, akashindana vizuri, ingawa inasimuliwa kwamba siku moja alimwalika Francis kwenye mieleka na akaangushwa chini. Urafiki wenyewe haukudumu. Ndani ya miaka miwili nchi hizo zilikuwa vitani tena.

Karibu na miaka hiyo Henry aliagiza ile meza kubwa ya duara iliyokuwa imetundikwa ukutani huko Winchester ipakwe rangi. Ni meza iliyotengenezwa karne ya 13, lakini watu wa wakati wake waliiamini kuwa ya Arthur kweli. Mfalme Arthur aliyechorwa juu yake ana sura ya Henry.

Tarehe 10 Machi 1524 alijaribu vazi jipya alilolibuni mwenyewe. Mpinzani wake alikuwa Charles Brandon, rafiki wa tangu utotoni na mume wa dada yake. Henry alianza mbio huku amesahau kushusha kifuniko cha uso. Watazamaji wakapiga kelele, lakini ndani ya chapeo ya mashindano husikii na unaona kupitia mwanya mdogo tu. Mkuki wa Brandon ukatua kwenye chapeo karibu na uso ulio wazi, ukapasuka, vipande vya mbao vikajaa ndani. Ingekuwa sentimita chache pembeni, historia ya Uingereza ingekuwa nyingine. Brandon aliapa kutoshindana naye tena. Henry akamwita fundi, akafungwa vizuri, akakimbia mara 6 nyingine ili watu waone hana kitu. Tusimsifu sana kwa hilo. Mwaka 1559 mfalme mwingine, Henri wa Pili wa Ufaransa, alipatwa na ajali ya namna hiyo hiyo, vipande vya mkuki vikamwingia jichoni, akafa baada ya siku 10.

Na huku dunia ilikuwa inabadilika. Mwaka 1525 huko Pavia, askari wa farasi wa Ufaransa walichinjwa na watu wa miguu wenye bunduki, na Francis mwenyewe akakamatwa mateka. Mafundi wa Greenwich waliendelea kugonga.

Mambo ya miaka iliyofuata mnayajua: Catherine hakumpa mrithi wa kiume aliyeishi, Papa akakataa kuibatilisha ndoa, Henry akajitangaza mkuu wa kanisa la nchi yake na kumwoa Anne Boleyn. Nisiyarudie. Nirudi uwanjani Greenwich, tarehe 24 Januari 1536. Henry, miaka 44 na mzito sasa, alianguka na farasi wake, na farasi mwenyewe alikuwa amevikwa chuma. Taarifa moja ya wakati huo inasema alikaa kwa muda wa saa 2 bila kusema neno. Siku 5 baadaye Anne aliharibikiwa na mimba, na mwenyewe alilaumu mshtuko wa habari ile. Mwezi Mei akakatwa kichwa kwa amri ya mumewe. Wapo wanaosema kuanguka kule kulimharibu mfalme akili, ndiyo maana akawa katili. Mimi siwezi kukubali kirahisi hivyo. Mtu alikuwa amekwisha kuwaua Thomas More na Askofu John Fisher mwaka mmoja kabla. Farasi asibebeshwe dhambi za mpandaji. Ila jambo moja ni wazi: baada ya siku ile hakushindana tena, na vidonda vya miguu vilimsumbua hadi mwisho.

Mwaka uliofuata Hans Holbein alimchora ukutani kwenye ikulu ya Whitehall. Ukuta wenyewe uliungua mwaka 1698, lakini nakala zake ndizo zinazojaa kwenye vitabu vyetu: mfalme amesimama miguu imepanuliwa, mabega kama mlango, anakutazama usoni. Hakuna kidonda, hakuna fimbo. Karakana ya Greenwich haikuwa na uhuru huo. Mwaka 1540, chini ya fundi mkuu Erasmus Kyrkenar, walimtengenezea vazi lenye kiuno cha karibu sentimita 130. Wale wale waliojua kiuno cha 90 walilazimika kukiongeza bamba kwa bamba. Na kinachonisikitisha ni kwamba vazi hilo lilikuja na vipande vya ziada vya kushindania mikuki. Mtu hawezi tena kushindana, lakini ameagiza vifaa vya mashindano.

La mwisho tunalolijua ni jeusi, lenye nakshi za dhahabu, kazi ya Italia, na sasa liko kwenye makumbusho ya Metropolitan jijini New York. Inaaminika alilivaa mwaka 1544 alipokwenda tena Ufaransa, mgonjwa na mnene, kuuzingira mji wa Boulogne. Mji ulichukuliwa mwezi Septemba. Kazi ilifanywa na mizinga.

Henry alifariki tarehe 28 Januari 1547, akiwa na miaka 55, akazikwa Windsor kando ya Jane Seymour, mke wa tatu, aliyemzalia mtoto wa kiume aliyekuja kumrithi. Karakana yake ilimzidi umri. Iliendelea hadi katikati ya karne ya 17.

Lile vazi la 1540 lilikaa Mnara wa London likitazamwa na wageni. Lina kifuniko cha chuma cha sehemu za siri, kikubwa hasa, kama fasheni ya wakati ule ilivyotaka. Inasimuliwa kwamba karne ya 18 wanawake waliokuwa wanatafuta mtoto walikuwa wanachomeka pini kwenye kitambaa chake cha ndani, wakiamini watashika mimba. Kwa mfalme yule! Aliyehangaisha nchi nzima kwa kukosa mtoto wa kiume.

Na lile la 1520, lililoachwa karakana kwa sababu ya kanuni kubadilishwa, halikusahaulika. Miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani waliokuwa wanabuni mavazi ya wanaanga walikwenda kulichunguza, wakitaka kujua wahunzi wale waliwezaje kufunika mwili wote bila kuacha mwanya na bado mtu akakunja goti. Leo liko kwenye makumbusho ya Royal Armouries mjini Leeds, na waigizaji wa historia wanaojitengenezea mavazi yao huenda kulitazama viungo vyake, ribiti kwa ribiti. Halina nakshi hata moja. Vipimo ni vya Henry, miaka 28, kabla ya yote.